Jibu: Ramani haikukosea, Churchill haina barabara

Habari mkuu. Umesema ramani ya simu inagoma kukupa njia ya gari kutoka Winnipeg hadi Churchill, jimbo la Manitoba huko Kanada, na unataka kuwaona dubu weupe mwezi wa 8. Simu yako ni nzima. Barabara haifiki kule. Kuna ndege au treni tu.

Cha kwanza angalia tarehe. Dubu hukusanyika kwa wingi Oktoba na Novemba, wakisubiri Ghuba ya Hudson igande wapate kuwinda sili juu ya barafu. Mwezi wa 8 utawaona wachache, ila nyangumi weupe wamejaa mtoni, na hao nao si wa kukosa.

Treni toka Winnipeg ni kama km 1,700, siku mbili njiani. Kufupisha, endesha hadi mji wa Thompson, karibu km 760, uache gari hapo. Inabaki safari ya saa kama 16. Tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani usiipange siku ileile ambayo treni inatarajiwa kufika. Reli inapita kwenye tope na udongo ulioganda, ardhi inacheza, kwa hiyo treni hutambaa na huchelewa. Mafuriko ya Mei 2017 yaliikata kabisa, na abiria walirudi kupanda Desemba 2018.

Ukifika, tafadhali usitembee na watoto ufukweni kwenye mawe bila mwenyeji mwenye bunduki. Dubu hulala katikati ya yale mawe, na kwa mbali utadhani ni jiwe jingine.