Bandol nyekundu na samaki wa kupaka havipikiki chungu kimoja

Mkuu, kwa ufupi: mvinyo wako haujaharibika. Umesema umeletewa chupa mbili za Bandol nyekundu ya 2020, moja ukaitoa kwenye friji ukainywa na samaki wa kupaka, ikakukaza ulimi na kukuachia ladha ya chuma mdomoni. Mimi nahudumu mezani kwenye mgahawa mmoja upande wa Toulon, kusini mwa Ufaransa, na malalamiko hayo nayasikia kila kiangazi kutoka kwa wageni wanaong'ang'ania nyekundu na supu ya samaki.

Bandol inatoka kwenye vilima vilivyo kati ya Marseille na Toulon, mashamba ya ngazi yanayotazama bahari. Watu wakisikia Provence, eneo letu hili, wanawaza ule mvinyo wa pinki wa kunywa ufukweni, lakini nyekundu ya hapa haina mzaha. Sheria inataka angalau nusu yake iwe zabibu ya mourvèdre, na mvinyo ulale kwenye mapipa ya mbao si chini ya miezi 18. Mourvèdre ina punje ndogo na ganda nene, na ukakasi mwingi unatoka kwenye ganda hilo. Ule mkazo wa kama umetafuna bibo ndio wenyewe. Baridi ya friji imeuzidisha na kuficha harufu, mafuta ya samaki yakaleta hiyo chuma, na pilipili ikakichochea kileo, ambacho kwenye Bandol mara nyingi kinafika asilimia 14. Yaani kila kitu mezani kilikuwa kinaupinga.

Chupa ya pili ifungue saa mbili kabla ya kula. Mimina yote kwenye jagi la kioo, kavu na lisilo na harufu ya sabuni, taratibu, ukiona machicha yanakaribia mdomo wa chupa simama. Usishtuke ikinuka ngozi au hata zizi mwanzoni. Mourvèdre ndivyo ilivyo, ikipata hewa inatulia. Joto linalofaa ni nyuzi 16 mpaka 18. Kwa hiyo ushauri wa "joto la chumbani" usiufuate kama upo Dar, chumba chako na cha Mfaransa ni vitu viwili. Kama imelala kwenye friji, itoe mapema. Kama ilikuwa kabatini, iingize friji kama nusu saa hivi.

Jaza theluthi ya glasi, usijaze mpaka juu kama juisi. Nusa kwanza kabla ya kuizungusha, kisha izungushe unuse tena: utapata zambarau zilizoiva sana, pilipili manga, na majani makavu ya vichaka vya huku, rozimari na taimu. Ukinywa, uache kidogo mdomoni kabla ya kumeza. Ukakasi utausikia kwenye fizi, na hapo ndipo utaelewa kwa nini unadai nyama yenye mafuta.

Huku mwenzake halisi ni daube. Ng'ombe wa sehemu ngumu, shavu au muundi, analazwa usiku kucha kwenye mvinyo mwekundu na karoti, vitunguu, majani ya bay (yale ya kutia harufu mchuzi) na ganda la chungwa, kisha anapikwa moto mdogo saa nyingi hadi nyama inakatika kwa kijiko na rojo linanata midomoni. Ule unato ndio unaoufuta ukakasi. Wamarseille wengine wanaunywa na utumbo na kwato za kondoo, nami nawaunga mkono.

Kwa jiko la nyumbani, mimi ningepika mkia wa ng'ombe polepole, kitunguu na nyanya kidogo tu, bila pilipili. Bega la mbuzi la kuoka kwa kitunguu saumu na chumvi ya kutosha nalo safi. Pilau ya nyama inakwenda vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila achari iache mbali, na kachumbari ya ndimu nyingi pia. Kuku wa kukaanga? Atamezwa na mvinyo. Kama samaki ni lazima, basi jodari wa kuchoma, kipande kinene, na hata hapo ningechagua pinki yao.

Ikibaki nusu, irudishe kwenye chupa, ziba, weka friji. Itoe kesho yake jioni mapema ipungue ubaridi, uionje tena na kiporo cha mkia. Bandol changa mara nyingi siku ya pili inakuwa laini zaidi.