Perege hawazai: ni dawa ya mikorosho?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina bwawa la perege huku Ndanda, Masasi, limepakana na shamba la mikorosho la jirani. Mwaka wa pili huu sijaona kifaranga hata mmoja. Watu wanasema salfa inayopulizwa kwenye mikorosho imewafanya wagumba. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuilaumu mikorosho, waulize waliokuuzia mbegu. Vituo vingi vya kutotolesha huuza madume matupu: vifaranga hulishwa chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki 3 hadi 4 tangu waanze kula, na waliokuwa wawe majike hugeuka madume. Hao hawazai, wala si wagonjwa.

Hakikisha mwenyewe. Mlaze samaki chali kiganjani, tazama kinundu kilicho nyuma ya tundu la haja kubwa, kipake tone la wino. Dume ana tundu moja nchani. Jike ana hilo, pamoja na mpasuo uliokingama wa kutolea mayai.

Ukikuta majike wapo, basi tuzungumze dawa. Salfa ya unga haiingilii homoni. Bakteria huigeuza polepole kuwa asidi, na maji yenye asidi nyingi huwadhoofisha perege. Pima pH; ikiwa chini, yaani asidi imezidi, weka chokaa ya kilimo.

Zinazonitia wasiwasi hasa ni dawa za maji za ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu wa mikorosho, zile za kundi la triazoli. Huua kuvu kwa kuziba kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za mwili, kinachosaidia kujenga utando wa seli zake. Samaki naye ana kimeng'enya cha ukoo huohuo, aromatasi, kinachogeuza homoni ya kiume kuwa ya kike. Kikizibwa, ini la jike hukosa amri ya kutengeneza protini ya kiini cha yai, na mayai hayapevuki.

Uzazi wa samaki huweza kuvurugwa hata na homoni kidogo sana. Kuanzia 2001 hadi 2003, watafiti wa Kanada walitia homoni ya kike ya vidonge vya uzazi wa mpango katika ziwa dogo la Ontario, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Madume wa samaki wadogo wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na samaki hao wakakaribia kutoweka ziwani.

Mikorosho hupulizwa kiangazi, upepo wa kusi ukivuma, kwa hiyo dawa haiji na mvua. Inakuja na upepo, au na mashine inayosuuzwa bwawani, jambo ambalo nimeliona mara nyingi mno. Mwombe jirani apulize alfajiri kabla upepo haujaamka, na maji ya kusuuzia ayamwage shambani kwake, mbali na bwawa.