Mwalimu wa Kipolandi amenialika nyumbani kwake, je, ni sawa niende?

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Mimi ni kijana wa Kitanzania ninayesoma mjini Łódź, nchini Poland, na kwa sasa niko katika mwaka wa maandalizi ya lugha kabla ya kuanza masomo ya uhandisi. Mwalimu wetu wa Kipolandi ni mama wa makamo, mwenye mume na watoto, na tumezoeana kiasi kwamba baada ya kipindi huwa tunatembea pamoja hadi kituo cha tramu huku tukizungumza. Amekuwa akinisaidia kuelewa barua zinazotoka katika ofisi ya vibali vya ukaaji, na sasa amenialika kwao kwa chakula cha mchana siku ya Jumapili. Wenzangu wanasema kwamba natafuta alama za bure. Isitoshe, wananicheka kwa kuwa nimeanza kuongea kama yeye: juzi, nikitaka kusema “nilikuwa”, nilisema “byłam”, ambalo ni la wanawake, badala ya “byłem”, darasa zima likaangua kicheko. Je, ni sawa kufanya urafiki na mtu ambaye bado anasahihisha mitihani yangu? Na je, niendelee kumwita “pani”, yaani “Bi”, au sasa nimwite kwa jina lake? Msomaji, Łódź.

JIBU: Ndugu msomaji, nenda Jumapili. Umealikwa mchana, mezani, mbele ya mume na watoto wake, kwa hiyo hakuna lililofichwa ambalo wenzako wangeweza kulifichua. Tena mji huo una mazoea marefu na wanafunzi wa kigeni, kwa maana Chuo Kikuu cha Łódź kimekuwa kikiwafundisha wageni Kipolandi tangu mwaka 1952, na si ajabu kwa mwalimu wa huko kumkaribisha nyumbani mwanafunzi aliye mbali na jamaa zake.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni swali lako la mwisho, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi hujikwaa bila kujua. Kipolandi humsemesha mtu wa heshima kana kwamba anazungumzwa mtu mwingine: ukitaka kumuuliza mwalimu kama ana nafasi, utasema “Czy pani ma czas?”, ilhali kwa mwanafunzi mwenzako utasema “Czy masz czas?”. Kuhama kutoka namna ya kwanza hadi ya pili si jambo linalojitokea lenyewe kadiri watu wanavyozoeana. Lazima mmoja alipendekeze waziwazi, na desturi inampa nafasi hiyo mkubwa kwa mdogo, mwanamke kwa mwanamume, na mwenye cheo kwa asiye nacho. Mwalimu wako ana sifa zote tatu. Kwa hiyo wewe huna la kufanya isipokuwa kungoja, na akinyamaza mwaka mzima usidhani kwamba hakupendi, kwa kuwa wapo Wapolandi waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi, wakatembeleana na kusaidiana, na bado wanaitana “pan” (Bwana) na “pani”.

Jihadhari pia na njia ya katikati, yaani kuweka “pani” mbele ya jina la kwanza, kama vile “pani Anno”. Majirani na wafanyakazi wenza huitumia bila tatizo, lakini ikitoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mwalimu husikika kama mtu aliyejikaribisha mwenyewe. Darasani sema “proszę pani”, namna ya heshima ya kumwita mwanamke, au tumia cheo chake kama wenzako wanavyofanya, na ukimwandikia barua pepe anza na “Szanowna Pani”, yaani “Bi Mheshimiwa”. Siku atakapokuambia mwitane kwa majina, kubali kwa furaha, kisha muulize papo hapo kama angependa mbele ya darasa uendelee na “pani”. Huenda akashukuru kwamba umelifikiria. Zamani makubaliano hayo yalitiwa muhuri kwa kinywaji, wawili wakiwa wamepitisha mikono yao kama pete za mnyororo, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo kwa utani. Kama hunywi pombe, glasi ya maji ya matunda haitamuudhi mtu.

Kuhusu alama, wenzako hawana haki ya kukuchagulia marafiki, ila wana haki ya kusahihishiwa mitihani kwa kipimo kimoja. Usimuulize lolote kuhusu mtihani mnapokuwa njiani kuelekea kwenye tramu, hata kwa mzaha, wala usikubali masomo ya ziada ambayo wengine hawakupewa. Zawadi za darasani nazo zitolewe na darasa. Nafasi nzuri ni tarehe 14 Oktoba, ambayo ni siku ya walimu nchini humo, kwa kumbukumbu ya Tume ya Elimu ya Taifa iliyoundwa tarehe hiyo mwaka 1773, ambapo wanafunzi huwapelekea walimu maua. Jumapili hii ni jambo jingine, kwa sababu wewe ni mgeni wa nyumba. Peleka maua ya idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwani idadi inayogawanyika ni ya mazishi, na uyaepuke yale yaitwayo “chryzantemy” (krisanthemum), ambayo tarehe 1 Novemba hufunika makaburi ya nchi nzima. Usimpe mtu mkono ukiwa bado nje ya kizingiti. Ingia kwanza, salimia, kisha uvue viatu.

Sasa nije kwenye “byłam”, ambalo kwangu ndilo jambo zito kuliko minong’ono yote ya darasani. Kitenzi cha Kipolandi cha wakati uliopita hubeba jinsia ya msemaji, kwa hiyo mwanamke husema “byłam” na mwanamume “byłem”. Kosa lako linaonyesha kwamba una sikio zuri, na pia kwamba sikio hilo limekuwa likisikia mdomo mmoja tu. Dawa itakuwa imeketi mezani Jumapili: muulize mume wake alikofanya kazi ujanani au alikosafiri, umwache asimulie, na utasikia “pracowałem” (nilifanya kazi) na “pojechałem” (nilisafiri) nyingi kuliko kitabu chochote kinavyoweza kukupa. Mkiwa hapo mwombe mwalimu asikusahihishe kila neno, bali akukatize pale tu maana inapopotea, la sivyo chakula kitageuka kipindi na watoto watakimbilia chumbani.

Urafiki na mwalimu wa lugha una hatari moja ambayo sijaona ikitajwa mara nyingi, nayo ni wema wake. Yeye anajua maneno aliyokufundisha, hivyo huyachagua hayohayo. Hupunguza mwendo bila kujitambua, na huelewa sentensi yako hata ikiwa imevunjika miisho yote ya maneno, wakati lugha hiyo ina hali saba za nomino, yaani maumbo yanayobadilika kulingana na kazi ya neno katika sentensi, na kila moja ina miisho yake. Utatoka kwenye mazungumzo naye ukijiona hodari, kisha mama wa dirisha la tiketi akuulize swali moja kwa kasi yake ya kawaida nawe ubaki umeduwaa. Kwa hiyo urafiki huu uutumie kama mlango wa kuwafikia watu wengine: mume wake, watoto, ambao kwa kawaida hawana huruma na kosa lolote, majirani zao, na wenzako wa bwenini waliozaliwa huko. Kiingereza mkiache nje kabisa, kwani watu wawili wanaokijua hukirudia mara tu mazungumzo yanapokuwa matamu.

Limebaki suala la barua za ofisi, ambalo hukuliuliza lakini umeligusia. Kumuuliza mwalimu maana ya neno ni jambo la kawaida, ila kumkabidhi bahasha nzima ni kumfanya katibu muhtasi wako bila mshahara, na mtu mpole huchelewa sana kusema kwamba amechoka. Tena barua hizo haziwezi kungoja Jumapili: ofisi ikikutaka ukamilishe ombi lenye upungufu, sheria inaitaka ikupe muda usiopungua siku 7, na mara nyingi hutoa hizohizo 7, zikihesabiwa tangu ulipoipokea barua. Isome mwenyewe siku hiyohiyo ukiwa na kamusi, tafuta neno “termin” linaloonyesha muda wa mwisho, kisha uipeleke katika ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni, ambako kuna watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.