Hapana, si wale wa mabawa ya ngozi
Umeuliza kama ndege wametokana na terosauri, wale reptilia warukao wa zamani za dinosaria. Terosauri si babu wa kuku, ndugu yangu. Wale hata dinosaria hawakuwa, ni ukoo wa pembeni, na bawa lao lilikuwa ngozi iliyovutwa na kidole kimoja kirefu mno. Ndege wametoka kwa dinosaria walanyama waliotembea kwa miguu miwili, ukoo mmoja na Velociraptor, yule dinosaria mdogo mwindaji. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Tanga, na hili naonyesha kwa kuku wa Ngamiani: kile kimfupa chenye panda juu ya kidari, ambacho watoto huvutana mpaka kikatike, dinosaria hao nao walikuwa nacho.

Mwangalie Archaeopteryx, kiumbe wa kale ambaye mabaki yake yalipatikana kwenye mawe Ujerumani, aliyetangazwa mwaka 1861, umri kama miaka milioni 150. Manyoya kamili ya bawa, lakini meno mdomoni, kucha tatu kwenye kila bawa, na mkia wa mifupa mrefu kama wa kenge! Ila usimwite babu wa moja kwa moja, huenda ni binamu tu. Wataalamu wengine hata wanamtoa kwenye kundi la ndege.