Barua pepe uliyoisoma ndani ya basi

Ofisi yetu ya kupitisha mizigo ya wateja kwenye forodha, duane kama tunavyosema hapa Lubumbashi, hupokea vijana wa staji, yaani wanaokuja kujifunza kazi, karibu kila mwaka. Wengi wametoka chuo kikuu, wanajua kompyuta vizuri, wanaandika haraka. Wiki ya kwanza hiyohiyo wanakuta kwamba kompyuta ya ofisi ni moja, sisi tuko wanne, na umeme ukikatika saa za mchana hakuna anayejua utarudi lini. Basi kazi inapita kwenye simu. Fakture, yaani ankara, inatoka Dar es Salaam, orodha ya mizigo inatoka Ndola, mteja anauliza lori lake limefika wapi, na yote hayo yanaingia kwenye simu ileile unayopigia mama yako nyumbani na kutumia M-Pesa. Hakuna anayemfundisha kijana namna ya kuishi na barua hizo. Inadhaniwa kwamba mwenye simu anajua tayari. Nami nilidhani hivyo, na nilijifunza kwa gharama ya mtu mwingine.

Ilikuwa asubuhi, nimo ndani ya basi kutoka Katuba kuelekea mjini. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa na mfuko wa makayabo, samaki wa chumvi, juu ya magoti, mkusanya nauli ananyoosha mkono kutoka nyuma, nami nimeshika simu kwa mkono mmoja. Ikaingia barua ya wakala wetu wa Dar es Salaam. Aliandika kwamba lori letu liliharibika baada ya kuvuka Nakonde, mpaka wa Tanzania na Zambia, mzigo umehamishiwa lori jingine, namba mpya ni hii, tafadhali rekebisheni hati kabla halijafika Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia. Barua fupi, safi, imetimia. Niliisoma yote. Nikajiambia, nikifika ofisini nitaishughulikia. Nikalipa nauli, nikarudisha simu mfukoni.

Ofisini nilikuta barua nyingine tatu mpya zenye maandishi meusi mazito, kila moja inaniita. Ile ya Dar ilikuwa imeshageuka nyepesi, kwa sababu nilishaifungua. Ilikaa chini ya zile tatu, kesho yake ikawa chini ya kumi, kesho kutwa ikatoka kwenye kioo kabisa. Siku ya nne dereva akapiga simu kutoka mpakani: hati zinataja lori ambalo halipo. Alilala pale usiku tano. Mwenye mzigo, mama mwenye duka la vigae, ndiye aliyelipa maegesho na siku za ziada za lori. Alikuja ofisini na risiti, akaziweka mezani moja moja, hakupaza sauti. Akaniuliza, "Mwanangu, barua hii haikukufikia?" Nilimwonyesha simu. Ilikuwa imefika, imefunguliwa, saa 1:12 asubuhi ya siku ileile.

Tangu siku hiyo ninachomwambia kila kijana anayeanza ni hiki: barua uliyoifungua bila kuifanyia kitu iko katika hatari kubwa kuliko ile ambayo hujaifungua. Ile ambayo haijafunguliwa bado inakuita. Uliyoifungua imenyamaza, na simu inaamini kazi imekwisha. Kwa hiyo, ukiwa ndani ya basi, kwenye foleni ya benki, au umesimama kwenye soko la mtaa wetu wa Kenya unanunua unga, usifungue barua za kazi. Angalia jina la mtumaji na kichwa cha barua kwenye orodha, hayo yanatosha kukuambia kama dunia inaungua. Ikibidi uifungue, basi kabla ya kurudisha simu mfukoni fanya moja kati ya mambo mawili: irudishe kuwa haijasomwa, au ipe saa ya kurudi.

Simu zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo nitavitaja vitufe kama utakavyoviona ndani ya Gmail, ambayo ndiyo wengi tunatumia. Ukiwa ndani ya barua, gusa alama ya bahasha juu. Hiyo ndiyo "Marquer comme non lu": barua inarudi kuwa nyeusi nzito. Ukigusa nukta tatu juu, utaona "Mettre en attente": barua inaondoka machoni na kurudi juu ya orodha kwa siku na saa uliyochagua. Hiki cha pili ndicho ninachokipenda zaidi. Lori litakalofika Chingola Alhamisi halina haja ya kunisumbua Jumatatu. Barua yake naiambia irudi Alhamisi saa mbili asubuhi, na inarudi. Kama ningekuwa nakijua siku ile ndani ya basi, ningechagua saa mbili na nusu, saa ninayokaa mezani, na yule mama angebaki na fedha yake.

Jambo linalofuata ni la kumaliza. Vijana wengi wanaogopa kuondoa barua kwenye kisanduku kwa sababu wanadhani kuondoa ni kufuta. Ni vitu viwili. "Archiver" inaitoa barua mbele ya macho na kuihifadhi. Utaikuta wakati wowote ndani ya "Tous les messages", na mtu akijibu, mazungumzo yote yanarudi kwenye kisanduku yenyewe. Kufuta ndiko kunakoipeleka kwenye "Corbeille", na huko inakaa siku 30 kisha inapotea moja kwa moja. Kwa hiyo kazi ikiisha, archiver. Kisanduku kibaki na yale tu ambayo bado yanakudai kitu. Changu jioni huwa na barua kati ya tano na kumi na mbili, na kila moja naweza kukuambia inasubiri nini.

Sikushauri uanze kwa kutengeneza mafolda ishirini. Nimeona kijana mmoja akitumia siku mbili kupanga mafolda ya kila mteja, kila mpaka, kila mwezi, halafu wiki ya pili hakumbuki barua ya mteja wa Ruashi aliyepitisha mzigo Sakania aliiweka wapi. Kutafuta kunakufikisha haraka kuliko kupanga, mradi barua ziwe na maneno ya kutafutwa. Hapa ndipo kichwa cha barua kinapokuwa kazi nzito. Usiandike "Habari" au "Urgent" peke yake. Andika namba ya dosia, yaani faili la mzigo, namba ya lori, na kinachotakiwa: "Dosia 114, lori limebadilika, hati zirekebishwe." Mwenzako akiiona kwenye orodha anajua bila kufungua. Nawe mwezi wa sita, mkaguzi akiuliza, unaandika namba ya dosia kwenye kisehemu cha kutafuta na mazungumzo yote yanajitokeza. Ukitaka viambatisho vya PDF tu, andika filename:pdf mbele ya namba hiyo. Ukitaka barua zilizo nzito kuliko mega kumi, andika larger:10M. Amri hizi zinafanya kazi hata kama simu yako ni ya Kifaransa.

Hiyo ya uzito itakufaa mapema kuliko unavyofikiri. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na hizo zinagawanywa kati ya barua, Drive na picha zako. Picha za harusi ya dada yako na fakture za mteja zinakula sahani moja. Ikijaa, barua mpya haziingii, wanaokuandikia wanarudishiwa zao, na wewe unakaa kimya ukidhani siku ni tulivu. Mwisho wa kila mwezi tafuta zile nzito, pakua zinazohitajika, futa nyingine, kisha safisha Corbeille, kwa sababu zilizomo humo bado zinahesabiwa.

Unapotuma hati, usizipige picha za kawaida moja moja. Kurasa nane za picha zinaweza kumaliza mega zako za siku, na Gmail haipokei kiambatisho kinachozidi megabaiti 25. Tumia programu ya kuskani, iunganishe kurasa ziwe PDF moja, ipe jina lenye namba ya dosia. Fungua faili kabla ya kutuma. Kivuli cha kidole juu ya namba ya kontena kimeturudisha nyuma mara nyingi.

Mtandao unapokatika, ukibonyeza kutuma, barua haijaondoka. Inakaa ndani ya "Boîte d'envoi" ikisubiri. Nimemsikia kijana akimwapia mteja kwamba ametuma, na kweli alibonyeza, lakini barua ilikuwa imelala humo tangu asubuhi. Kabla ya kusema "nimetuma", ingia uone kama humo ni patupu. Vivyo hivyo, ukiwa unashuka Kasumbalesa, ni karibu kilomita 90, usitegemee kufungua hati ukifika. Zifungue ukiwa ofisini, zihifadhi ndani ya simu yenyewe, na ujue kwamba ukiweka simu kwenye hali ya kuokoa betri, barua mpya zinaweza kuchelewa kuonekana.

Kuhusu saa: Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa, na Dar es Salaam wako saa moja mbele yetu. Mtu wa Kinshasa akiandika mkutano ni "10:00", muulize ni 10:00 ya wapi. Na ukimwandikia wa Dar kwa Kiswahili kwamba utampigia "saa nne", ongeza tarakimu na jina la mji. Ni maneno matatu tu ya ziada.

Sasa nataka unisikilize kwa makini, kwa sababu hili linaweza kufunga ofisi. Kioo cha simu ni kidogo, kwa hiyo kinaonyesha jina la mtumaji na kuficha anwani yake. Jina mtu yeyote anaweza kujiandikia. Inaingia barua yenye jina la msambazaji mnayemjua, inataja mzigo wa kweli, inasema benki yetu imebadilika, lipeni kwenye akunti hii mpya, tafadhali leo. Kwenye kompyuta labda ungeona kwamba anwani ina herufi moja iliyoongezwa. Kwenye simu huoni. Gusa kishale kidogo kando ya maneno "à moi" chini ya jina, anwani nzima itafunguka, isome herufi kwa herufi. Hata ikiwa sawa, usiishie hapo, maana inawezekana akaunti ya mwenyewe imevamiwa. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, kamwe usitumie namba iliyoandikwa ndani ya barua hiyo, na usikie sauti ya mtu unayemjua. Mkubwa wako wa kazi akikasirika kwamba umechelewesha malipo kwa saa mbili, mwache akasirike. Barua inayokuharakisha na kukuomba usimwambie mtu ndiyo hasa ya kumwonyesha mtu.

"Répondre à tous", ya kuwajibu wote, nayo itazame kila mara kabla ya kuibonyeza. Bei tuliyompa mteja mmoja haipaswi kusomwa na mwingine. Ukiteleza, neno "Annuler", la kughairi, linatokea chini ya kioo kwa sekunde chache. Kidole kiwe tayari. Na ile sehemu ya spam, ya barua taka, pita huko mara moja kwa wiki, kwa sababu wasambazaji wapya huwa wanaangukia humo na baada ya siku 30 barua zinafutwa.

Makelele ya simu yapunguze. Katika mipangilio unaweza kuchagua kuarifiwa kwa barua muhimu tu. Mimi nimezima mlio wa barua kabisa na ninazifungua mara nne kwa siku, nikiwa nimekaa, kalamu iko karibu. Mwenye dharura ya kweli mpakani atapiga simu, na dereva hupiga daima.

Mwisho, simu inaibiwa. Inaibiwa kwenye basi, inaibiwa kwenye njiapanda ya Carrefour, inaanguka kwenye mfereji wakati wa mvua ya Januari. Siku hiyo utakuta kama akaunti yako inategemea simu ileile iliyopotea. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri pamoja na ishara nyingine, kisha ingia kwenye usalama wa akaunti ya Google na uchukue namba za akiba, za kukuingiza bila simu hiyo. Zinakuja kumi, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja. Usizipige picha kwa simu hiyohiyo. Ziandike kwenye karatasi, usiandike kando yake anwani yako wala neno la siri. Zangu ziko nyumbani kwa mama, ndani ya sanduku la bati anamoweka hati ya kiwanja, na nimemwonyesha ni karatasi ipi ili nikimpigia kwa simu ya kuazima aweze kunisomea.