Maswali ya Karakana: Zana za Bei Nafuu Kutoka Nje

Barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja: je, zana za bei ya chini zinazojaa madukani zinafaa kwa karakana ya nyumbani? Nyingi zinafaa, ila zinatoka kiwandani hazijamaliziwa. Grisi haitoshi, skrubu hazijakazwa sawasawa, waya ni mwembamba, na namba kubwa kwenye boksi zimewekwa kuuza. Anayekubali kuzimalizia mwenyewe hufanya nazo kazi kwa miaka. Chache hazimaliziki hata ufanyeje, na hizo tunazitaja.

Shikamooni wakubwa. Naanza kutengeneza mageti na madirisha nyumbani, Morogoro. Nataka grinda ndogo na sitaki kudanganywa dukani. Niangalie nini? (Kijana wa Kihonda)

Marahaba, kijana wetu. Kwanza ibebe mkononi. Grinda ya diski ya milimita 115 yenye wati 850 za kweli kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 1.7 hadi 2. Ukiona imeandikwa wati 1,200 na ni nyepesi kuliko hiyo, shaka: huenda shaba ya ndani ni kidogo na wati hizo ziko kwenye lebo tu. Kabla haijachomekwa, shika mhimili unaofungwa diski uutikise. Ukizunguka kidogo kwenda na kurudi, hayo ni meno ya gia yanapokutana, si kosa. Ukicheza juu na chini au kwenda pembeni, tatizo ni beringi au mahali beringi inapokaa. Irudishe kwenye rafu uombe nyingine.

Halafu mwambie muuzaji akuonyeshe kaboni (vile vijiti vidogo vinavyopeleka umeme kwenye mota) na swichi za grinda hiyohiyo. Kama yeye hana na maduka ya jirani hayana, umenunua kitu kitakachosimama siku kaboni zitakapoisha. Sisi tungechukua grinda isiyo na sifa kubwa lakini vipuri vyake vipo mtaani, kuliko yenye jina kubwa ambayo kaboni yake lazima iagizwe.

Ukifika nyumbani, usianze kukata. Chomoa umeme, fungua skrubu nne za kichwa cha gia, uangalie grisi. Mara nyingi utakuta bonge moja limebandikwa ukutani na meno ya gia ni makavu. Weka grisi ya lithiamu namba 2 ya kuhimili mgandamizo, ile inayoandikwa EP2, ijaze karibu nusu ya nafasi. Usiijaze pomoni: grisi ikizidi huchemka, hupenya beringi na kuingia kwenye mota, na hapo kaboni huchafuka na kuanza kutoa moto. Funga, kaza skrubu zote za mwili, kisha iache izunguke bila mzigo dakika tano. Cheche ndogo za buluu kwenye kaboni mpya ni kawaida kwa sababu kaboni bado haijakaa sawa na mviringo wa amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka. Ukiona duara zima la moto linazunguka amecha, zima na uirudishe.

Kaboni badilisha zote mbili kwa pamoja zinapobaki kama milimita 5. Watu husubiri hadi mashine izime yenyewe, na wakati huo springi au waya wa kaboni umeshachimba shaba ya amecha. Amecha mpya inaweza kukaribia bei ya grinda nzima. Unapokwenda kununua, beba ile ya zamani: ikiwa pana hukwama kwenye nyumba yake, ikiwa nyembamba hutikisika na kutoa moto.

Sasa diski, na hapa tunaomba usome mara mbili. Diski ya milimita 115 iliyotengenezwa vizuri huandikwa mizunguko 13,300 kwa dakika, na grinda ndogo huzunguka karibu 11,000. Diski ya milimita 230 mwisho wake ni karibu 6,600. Anayetoa kinga ya chuma ili afunge diski kubwa kwenye grinda ndogo anaizungusha kwa kasi inayozidi mara moja na nusu ya uwezo wake. Ikipasuka, vipande vinamjia aliyeshika mashine, usoni na shingoni. Vilevile, msumeno wa mbao wenye meno usiufunge kamwe kwenye grinda. Ukinasa kwenye mbao, mashine hurushwa nyuma kabla mkono haujaachia swichi.

Diski isiyoandikwa mizunguko usiinunue hata ukipewa bure. Angalia pia kile kibati cha duara katikati: nzuri huwa na mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu kutengenezwa, kwa kuwa gundi inayoshika chembechembe huchoka, hasa ikipata unyevu. Usizilaze sakafuni kwenye saruji. Grinda ya bei nafuu ni sawa, diski ya bei nafuu hapana.

Nimeona drili za betri zimeandikwa 48VF, 88VF hata 128VF, na bei zao hazitofautiani sana. Je, kubwa ndiyo yenye nguvu? Natengeneza vitanda na makabati, Moshi. (Dada fundi seremala)

Dada yetu, hiyo "VF" si kipimo cha umeme. Fungua akilini hiyo betri: ndani mara nyingi mna seli 5 za lithiamu zilizofuatana, kila moja ikiwa na volti 3.6 za kawaida na 4.2 ikijaa. Tano zinakupa volti 18, au 21 zikiwa zimejaa. Mwambie muuzaji aweke mita kwenye ncha za betri iliyojaa. Ukisoma karibu 21, basi 48, 88 na 128 zote ni betri moja kwa majina matatu.

Cha kuuliza ni idadi ya seli. Seli moja ya saizi ya 18650 ina uzito wa karibu gramu 45. Betri yenye safu moja ya seli 5 ina gramu 225 za seli, yenye safu mbili ina 450. Basi chukua mizani ya jikoni. Betri inayodai kuwa kubwa, lakini pamoja na plastiki yake haifikii hata gramu 350, haiwezi kuwa na seli 10. Kwa skrubu za makabati safu moja inatosha. Kwa kutoboa mbao ngumu kama mninga siku nzima, tafuta safu mbili, au ununue drili ya waya kwa benchi na ya betri kwa kwenda kufunga kwa mteja.

Chaja zinazokuja nazo nyingi ni adapta nyepesi tu. Chaji ukiwa karibu, juu ya saruji au kigae, mbali na maranda na vumbi la mbao, na uchomoe taa ikigeuka kijani. Betri iliyotoka kufanya kazi nzito na bado ina moto iache ipoe kwanza. Usiihifadhi chini ya bati linalopigwa na jua, na kama hutaitumia kwa miezi iache ikiwa na nusu ya chaji. Iliyovimba haina matengenezo.

Nimepata msumeno wa duara wa mtumba kutoka Japani, mzuri kabisa, umeandikwa 100V. Naweza kuutumia Unguja? (Msomaji wa Mwanakwerekwe)

Unaweza, lakini usiuchomeke moja kwa moja hata kwa sekunde moja. Umeme wetu ni volti 230, na mota ya volti 100 itaungua hapohapo. Nunua transfoma ya kushusha kutoka 230 hadi 100, yenye uwezo uliozidi wa mashine: kwa msumeno wa wati 1,000 chukua ya VA 1,500, maana wakati wa kuanza mashine huvuta zaidi. Transfoma ya 110 ina ziada ya asilimia 10. Kwa kazi fupifupi mota nyingi huvumilia, ila 100 ni bora.

Zana zenye kaboni hazijali mzunguko wa umeme, yaani hezi. Zisizo na kaboni, kama mawe ya kunolea ya mezani na kompresa, zinajali. Japani mashariki hutumia hezi 50 na magharibi 60. Kibati kikisema 50/60 huna wasiwasi. Kikisema 60 tupu, hapa kwetu itazunguka pungufu kwa moja ya sita na kuchemka, iache. Kwa ubora wa chuma na beringi, tunaupenda mtumba wa Kijapani kuliko mpya wa bei ileile.

Mashine yangu ya inveta ya kuchomelea imeandikwa 250, lakini kijiti cha geji 10 kinaganda na soketi inanuka moto. Mashine mbovu? (Fundi wa Ilemela, Mwanza)

Huenda mashine ni nzima, ndugu, na 250 ni jina lake tu. Soma kibati cha nyuma. Tafuta herufi X yenye asilimia, na I2, yaani ampea za kuchomelea, chini yake. X ya asilimia 60 kwenye ampea 120 maana yake katika dakika 10 unachomelea 6 na kupumzika 4. Hiyo ndiyo mashine uliyo nayo. Mashine ambayo kibati chake hakina X usiinunue.

Sasa hesabu. Geji 12, yaani milimita 2.5, inataka ampea 70 hadi 90. Geji 10, milimita 3.2, inataka 100 hadi 130. Ampea 120 kwenye kijiti huwa na volti karibu 25, yaani wati 3,000. Ukiongeza hasara ya ndani na jinsi inveta za bei nafuu zinavyovuta umeme kwa mikupuo, ukutani inaweza kufika ampea 20 au zaidi. Plagi yako ni ya ampea 13, ndiyo maana inanuka. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 6 na breka ya ampea 32.

Waya wa kuongezea nao huiba. Mita 30 za waya wa milimita za mraba 1.5 kwa ampea 25 hupoteza volti 18 hivi, za 2.5 hupoteza 11. Jioni umeme wa mtaa ukiwa umeshuka tayari, hiyo inatosha kukigandisha kijiti. Kwaruza waya kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na hasara ni kubwa kuliko hiyo. Waya wa kwenye gurudumu ufunguliwe wote, maana uliojikunja huchemka.

Nyaya za kushikia kijiti na klampu zilizokuja kwenye boksi zibadilishe mapema, milimita za mraba 16 kwa geji 12 na 25 kwa geji 10. Na jambo linaloua inveta nyingi kuliko mzigo: feni yake huvuta vumbi la chuma la grinda, likatua kwenye bodi ya ndani ya mashine na kuunganisha njia za umeme. Weka grinda mita kadhaa mbali, upande ambao feni haivuti, na kila mwezi mashine ikiwa imechomolewa ipulize kwa upepo mkavu.

Hamjambo. Biti za rangi ya dhahabu zinaisha makali baada ya matundu machache tu. Nazinunua Kongowea, Mombasa. Tatizo ni biti ama ni mimi? (Msomaji)

Hatujambo. Inaweza kuwa vyote viwili. Rangi ya dhahabu ya kweli ni utando mwembamba mno wa nitridi ya titani, na nyingi ni rangi tu juu ya chuma cha kawaida. Ncha ikigeuka buluu kwa moto na makali yakaisha papo hapo, hicho ni chuma cha kawaida. HSS ya kweli, yaani chuma cha kukatia kwa kasi, huvumilia joto kubwa zaidi ya hilo.

Kasi nayo huua. Kwa chuma laini gawanya 6,400 kwa kipenyo cha biti kwa milimita: biti ya 10 inataka mizunguko 640, ya 5 inataka 1,280. Drili ya mkono isiyopunguzwa huenda 2,800. Punguza, kandamiza mpaka utoke unyuzi mrefu wa chuma badala ya unga, tia mafuta, na kwa tundu la 10 anza na la 4. Kwa chuma kisichoshika kutu nunua biti moja moja za kobalti zilizoandikwa M35. Seti ya biti 100 za bei ya chini ifae mbao.

Skwea na pimamaji za bei nafuu ni za kuaminika? (Seremala, Tabora)

Zipime hapohapo dukani. Egemeza skwea kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, chora mstari, igeuze upande wa pili uchore tena kutoka nukta ileile. Mwanya unaoonekana ni kosa mara mbili: milimita 1 mwishoni ni nusu milimita ya skwea. Pimamaji igeuze kichwa kwa mkia mahali palepale. Tone likihama, weka nyingine mkononi hadi upate isiyohama. Hata kwenye boksi moja zinatofautiana. Kwenye tepu, ile ndoano ya mwanzo kutikisika kidogo ni makusudi: husogea kwa unene wake ili kipimo cha kusukuma na cha kuvuta kilingane, kwa hiyo usiigonge rivet ikaze. Kalipa ya dijitali ipime kwa beringi mpya ya namba 608: nje milimita 22, ndani 8, unene 7.