Land Rover ya zamani imekutwa porini Kisarawe: kabla hujaita winchi soma hapa

Mkuu nimeziangalia picha zako zote. Umesema mlienda na mjomba kuangalia shamba huko Kisarawe mkakuta Land Rover imemezwa na vichaka, haina tairi wala viti, na kuna jamaa kakwambia hiyo ni Series One ya mwaka 1948, ukiiuza unajenga nyumba. Huyo jamaa achana nae. Angalia ubavu wa gari chini kidogo ya dirisha, bodi imebinuka kwa nje ndo inashuka, Series One ubavu umenyooka tu toka juu mpaka chini. Huo mbinuko ulikuja na Series Two mwaka 1958. Halafu taa zako kubwa ziko katikati huku na huku ya grili, na grili yenyewe ni ya waya, taa zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 60, na Series Three ilivyotoka 1971 ikaja na grili ya plastiki na geji za dashibodi zikawekwa mbele ya dereva, za kabla ya hapo zinakaa katikati. Kwa hiyo kwa macho tu hiyo ni Series Two au Two A.

Kwa macho tu nimesema. Bodi ya hizi gari inafungwa kwa bolti, digadi ya moja inaingia kwenye nyingine, na kwa mafundi wetu walivyo gari ya miaka 50 inaweza kuwa na pua ya hii, mlango wa ile na injini ya Toyota, wala hakuna wa kuwalaumu maana ndo zilivyobaki barabarani. Kinachosema ukweli ni namba ya chesisi. Kibati cha ndani ya kabini mara nyingi kimeshang'olewa, wewe nenda mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikana na chesisi, namba imegongwa kwenye chuma chenyewe. Ya kwetu tuliyoitoa Mkuranga kwenye mikorosho tulisugua brashi ya waya na dizeli hatuoni kitu, dogo mmoja akaleta chaki akaipaka yote halafu akafuta juu juu na kitambaa, chaki ikabaki kwenye mikwaruzo ya namba, nyeupe kabisa, mwanzo 252 na mwisho herufi B. Hiyo 252 ni Two A ndefu, ya petroli, usukani kulia, iliyotengenezwa kwa soko la nje. Kwa hiyo tarakimu 3 za mwanzo ndo zinakwambia mengi, usizisome kwa kubahatisha. Beba na futi, pima toka katikati ya habu ya mbele mpaka katikati ya habu ya nyuma, ukipata kama mita 2.24 hiyo ni 88, yaani fupi ya inchi 88, ukipata kama 2.77 ni 109, ile ndefu. Ukitaka karatasi kabisa, Uingereza kule Gaydon kuna British Motor Museum, wanatoa cheti kutokana na namba ya chesisi kinachoonyesha ilitengenezwa lini na ilipelekwa wapi, ni cha kulipia.

Suala la mwenye gari mmelirukaje? Kuwa porini haimaanishi haina mwenyewe. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, waulizeni wazee wa hapo gari ilikuwa ya nani, lazima kuna anayejua. Kama mwenyewe alishafariki, anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyepitishwa na mahakama, sio mtoto mkubwa aliyekukaribisha chai. Ukikuta plate ya SU hiyo ilikuwa ya shirika la umma, ya JW ni ya jeshi, hapo usiguse hata nati, toa taarifa. Na kama kichaka kiko ndani ya mipaka ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi hiyo ni hifadhi, waone watu wa TFS, wakala wa misitu, kwanza. Mkiuziana andikeni mkataba mbele ya mtendaji, namba ya chesisi iwemo, na ulizeni TRA kama kuna kumbukumbu yoyote ya hiyo gari. Kuvuta mkweche usio na karatasi kutoka Kisarawe mpaka mjini na askari wote walioko njiani, shauri yako.

Tukija kwenye kuokoa, hapa ndo watu wengi wanaliwa. Unaona bodi safi, haina kutu, unasema hii bado nzima. Bodi ni aluminiamu ndugu yangu, baada ya Vita vya Pili vya Dunia kule Uingereza chuma kilikuwa cha mgao ndo wakaitumia, haiwezi kupata kutu hata ikae humo milele. Chesisi ni chuma, na ule ukuta wa kati ya injini na miguu yako ni chuma, hivyo viwili ndo gari. Ingekuwa Peugeot 404, zile alizoshindia Bert Shankland wa hapa hapa Dar Safari Rally ya 1966 na 1967, bodi yote ni chuma na kwa hali ya hewa ya Pwani ungekuta umbo la gari tu, lakini angalau ile haikudanganyi.

Kwa hiyo chukua nyundo ndogo ulale chini, gonga chesisi yote taratibu. Chuma kizima kinalia, kilichokufa kinatoa sauti ya boksi la karatasi. Chesisi ya hizi ni boksi, ina uwazi ndani, maji yanaingia na udongo yanakaa humo humo, inaoza kwa ndani huku nje unaona rangi. Komaa na boriti ya nyuma kabisa inayobeba ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na sehemu zote springi zinaposhikwa. Mikono na boriti ya nyuma fundi mzuri wa kuchomelea anakutengenezea hapo Gerezani. Springi zikiwa zimezamia ndani ya chesisi mimi ningeiita gari ya spea, nichukue difu, gia boksi, milango na vioo, biashara iishie hapo. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma utaona unga mweupe, usiogope, ni vyuma viwili vinalana, ila ujue chuma cha nyuma yake kimeshachoka.

Kutoa: fyeka kwanza, na fimbo ndefu, swila wanapenda sana chini ya boneti na nyuki wanapenda nyuma ya dashibodi. Usifunge mnyororo ukavuta kwa trekta. Breki zote nne ni za drum na zitakuwa zimeng'ang'ania, legeza adjasta, gonga drum pembeni mpaka iachie. Gia boksi ikiwa imekufa kwenye gia usihangaike nayo, kwenye habu ya nyuma kuna bolti 6, fungua uvute ekseli nje kila upande na tairi zinazunguka zenyewe. Tairi za kuazima ziwe tayari.

Injini usiiguse na betri. Toa plagi, mimina dizeli kidogo kila silinda, acha ikae siku kadhaa ukiwa unaongeza, halafu jaribu kuzungusha kwa mkono na ile hendo ya mbele, gia ikiwa nyutro, mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikigoma ongeza dizeli usiongeze nguvu. Tangi na kabureta hivyo ni vya kufungua na kuosha tu, petroli ya zamani inaacha gundi.

Ukirudi huko niwekee picha 3: namba ya chesisi baada ya chaki, boriti ya nyuma kwa chini, na ule ukuta kwenye kona za miguu ya dereva na abiria. Winchi nina mtu Gongo la Mboto bei yake sio mbaya, ila simpigii kabla sijaziona.